Land Rover ya Zamani: Rangi Kwanza au Fremu?
Ya kale ni dhahabu, husema wazee. Lakini Land Rover yangu ya 1972 si dhahabu; ni alumini juu na chuma chini, na hapa Mombasa chuma hakina amani. Waingereza walipoitoa gari hii mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu baada ya vita, ndipo bodi ikaundwa kwa alumini, isiyoshika kutu. Fremu ya chini ikabaki chuma. Ndiyo sababu gari huonekana kijana huku upepo wa chumvi ukila mifupa yake.

Huko Uingereza, tangu 2018, magari mengi yaliyopita miaka 40 yamesamehewa ukaguzi wa kila mwaka. Dhamana ameachiwa mwenyewe. Kwa mpenda rangi, naona hapo pana hatari. Spea zingali zatengenezwa, hata fremu mpya huagizwa. Kisichoagizwa ni mkono wa fundi ajuaye kuchomelea ya zamani. Basi shilingi yangu ya kwanza ni yake na mwanagenzi wake, ya pili ya grisi, ya mwisho ya rangi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.