Mtihani wa Wenyeji wa Asili wa Brazili si Mlango wa Uani

Mwalimu wa fizikia huwafundisha wanafunzi wake mapema kwamba mizani ambayo mshale wake haukusimama kwenye sifuri itadanganya kila mara, tena itadanganya kwa upande ule ule. Kurudia kipimo mara kumi hakusaidii kitu. Hapana budi ama mizani irekebishwe, ama kosa lake lijulikane na litolewe katika hesabu. Katika maabara jambo hili tunalikubali bila ubishi. Ajabu ni kwamba tuingiapo katika ukumbi wa mtihani tunalisahau, na alama aliyoipata mtahiniwa tunaichukua kuwa ndiyo akili yake.

Nchini Brazili suala hili limejadiliwa kwa ukali kwa zaidi ya miaka 20, nalo lafaa lifahamike kwa walimu na wanafunzi wa shule zetu. Sensa ya 2022 iliwahesabu wenyeji wa asili wapatao milioni 1.7 katika taifa la watu takriban milioni 203. Kwa muda mrefu watu hawa walijulikana vyuoni zaidi kama mada ya utafiti kuliko kama wanafunzi. Mwaka 2001 jimbo la Paraná lilitunga sheria ya kuwatengea nafasi katika vyuo vikuu vyake. Chuo Kikuu cha Brasília kilipitisha mpango wa namna hiyo mwaka 2003. Ukapingwa mahakamani, na Aprili 2012 Mahakama ya Juu ya Shirikisho ikaamua kwa kauli moja kwamba haukuvunja Katiba. Agosti mwaka huo huo ikatungwa sheria nambari 12.711, ambayo huvitaka vyuo vikuu vya shirikisho vitenge angalau nusu ya nafasi zao kwa waliosoma sekondari za umma, na ndani ya nusu hiyo watu weusi, machotara na wenyeji wa asili wapate fungu kulingana na idadi yao katika kila jimbo.

Sheria hiyo ni njema, lakini inagawa nafasi tu; mizani yenyewe haiigusi. Ndiyo maana mimi naiona hatua ya Chuo Kikuu cha Campinas, yaani Unicamp, kuwa na uzito zaidi kisayansi. Desemba 2018 chuo hicho, ambacho ni cha jimbo la São Paulo, kiliendesha kwa mara ya kwanza mtihani wa pekee kwa wenyeji wa asili. Hakikuwangojea watahiniwa Campinas. Kiliupeleka mtihani hadi Recife, Dourados, Manaus na São Gabriel da Cachoeira. Watu zaidi ya 600 walijiandikisha kuwania nafasi 72. Chuo Kikuu cha Shirikisho cha São Carlos, ambacho kilianza kuwapokea kwa njia maalumu tangu 2008, baadaye kiliungana na Unicamp katika mtihani mmoja.

Huko São Gabriel da Cachoeira ni wapi? Ni mji ulio kwenye mto Rio Negro, juu kabisa, karibu na mipaka ya Kolombia na Venezuela. Kutoka Manaus watu huenda kwa mashua siku kadhaa, au kwa ndege wakiwa na fedha. Wakazi wengi ni wenyeji wa asili wa makabila zaidi ya 20, na tangu 2002 sheria ya manispaa imezipa Kitukano, Kibaniwa na Kinheengatu hadhi ya lugha rasmi pamoja na Kireno.

Wanawake wa Rio Negro hutunza aina za muhogo zaidi ya 100, na mwaka 2010 mfumo wao wa kilimo uliandikishwa kuwa urithi wa utamaduni wa taifa. Zao hilo si geni kwetu, kwani Wareno ndio waliolileta Afrika kutoka Brazili. Muhogo mchungu una linamarini. Seli zake zikivunjwa, kimeng'enya kilichomo huivunja linamarini hiyo, na hatimaye hutoka sianidi, ambayo ni sumu. Mwanamke wa Rio Negro hukwaruza muhogo, huukamua kwa mfuko mrefu uliosukwa, kisha huukaanga juu ya kikaango kipana. Kila hatua hupunguza sumu. Binti aliyekua katika kazi hiyo ana uzoefu wa kemia ambao mwenzake wa São Paulo hana. Mtihani wa kawaida haumwulizi habari hiyo, na hata ukimwuliza, utamwuliza kwa lugha ambayo huenda kwake ni ya pili au ya tatu. (Simaanishi kwamba kujua muhogo kunatosha kumfanya mtu mhandisi. Kalkulasi atajifunza kama wengine.)

Wapinzani husema kwamba njia hii ni mlango wa uani, na kwamba viwango vitashuka. Hoja hii haifai kudharauliwa, kwani hakuna mgonjwa anayetaka daktari aliyepewa shahada kwa huruma. Lakini inachanganya mambo mawili: kipimo cha kuingia na kipimo cha kutoka. Mitihani ya ndani ya chuo hubaki ile ile kwa wote. Tena upo ushahidi. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti wa wataalamu wa Unicamp wenyewe, waliolinganisha daraja la mwanafunzi alipoingia na daraja lake alipomaliza. Waliotoka katika mazingira duni, kama vile shule za umma, kwa wastani walipanda kuwapita wenzao waliokuwa nao sawa siku ya kuingia. Yaani mizani ya kuingilia ilikuwa imewapunja. Utafiti huo haukuwahusu wenyeji wa asili hasa, na itakuwa makosa kuunyoosha kupita kiasi; lakini njia yake ni ya kuigwa.

Lawama yangu kwa Unicamp ni nyingine. Mtihani wake wa pekee umeandikwa kwa Kireno, pamoja na insha. Kuupeleka mtihani kilomita maelfu ni jambo kubwa, lakini kosa la lugha limesafiri nao katika mashua ile ile.

Kisha kuna maisha baada ya kuchaguliwa. Kijana aliyetoka mtoni atakula nini Campinas? Katika vyuo vya shirikisho serikali ilianzisha mwaka 2013 posho ya reali 900 kwa mwezi kwa wenyeji wa asili, ikapandishwa kuwa 1,400 mwaka 2023. Kwa miaka kumi kiasi kilikuwa kile kile huku bei zikipanda. Chuo kinachofungua mlango bila kitanda wala chakula kinamrudisha mwanafunzi kwao akiwa na aibu isiyo yake.

Hapa kwetu wazo la kupima zaidi ya karatasi ya mtihani si jipya. Azimio la Musoma la 1974 liliwataka wahitimu wa kidato cha sita wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia Chuo Kikuu, ingawa baadaye utaratibu huo ulilegezwa. Nchini Kenya, Katiba ya 2010 inaitaka Serikali iwawekee makundi madogo na yaliyoachwa nyuma mipango maalumu katika elimu. Lakini mtoto wa Kihadzabe wa Yaeda, ambaye lugha yake ya kwanza ni Kihadza na ya pili ni Kiswahili, akifika kidato cha nne atajibu mtihani wa biolojia kwa Kiingereza. Nashauri vyombo vinavyosimamia udahili wa vyuo vikuu vyetu vifanye kama watafiti wale wa Unicamp: vichukue alama za kuingia na za kumaliza za wanafunzi wa miaka kumi iliyopita, wilaya kwa wilaya, vizilinganishe, na matokeo yachapishwe, yapendeze au yasipendeze.