Asiitwe Mkimbizi

Soka la Tanzania limewahi kuwa na akina Mohamed Hussein wawili, na hakuna anayewachanganya. Mmoja ni Mmachinga, mfungaji hatari wa Yanga miaka ya 1990. Wa pili ni Tshabalala, beki wa kushoto aliyejijengea jina Simba; aliitwa hivyo kwa kufananishwa na Siphiwe Tshabalala wa Afrika Kusini, mfungaji wa bao la kwanza la Kombe la Dunia 2010. Majina hayo hayakutoka kwa wazazi. Wenzao na mashabiki ndio waliowabatiza.

Shuleni ni hivyohivyo, ila si kila jina ni la sifa. Sisi tuliosoma ng'ambo ya Ruvuma tuliitwa Wamawia, hata tusio Wamakonde. Wengine wanavuka na mizigo yao hadi leo na jina linawafuata sokoni.

Mbau ilikombolewa Agosti 2021, na watu wakaanza kurejea. Mtoto aliyerudi darasani ni rahisi kubandikwa "mkimbizi". Mwalimu asiucheke utani huo, wala asimwite hivyo mwenyewe. Akipiga vizuri mguu wa kushoto, mwiteni Tshabalala.