Mji Unakua, Bwawa Halikui

Mwanafunzi, ukisikia kwamba mji wako unakua, unafikiria nini kwanza? Wengi hutaja maduka, barabara ya lami na nyumba za kupangisha. Mkazi wa Ifakara atataja pia daraja la Mto Kilombero, na ana haki, maana wanaokikumbuka kivuko wanaijua adha yake. Mimi nakuomba ufikirie jambo ambalo viongozi hawalikimbilii kulikatia utepe: majitaka. Maoni yangu ni kwamba Ifakara itenge sasa eneo kubwa na lililoinuka kwa ajili ya mabwawa ya kusafishia majitaka, kabla viwanja havijaisha.

Tuanze na sayansi unayoifahamu. Katika bwawa la kwanza, lenye kina kirefu na lisilo na hewa, tope huzama na bakteria huanza kulivunjavunja. Katika bwawa la pili, mwani hutumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula na kutoa oksijeni, nayo oksijeni hutumiwa na bakteria kuozesha uchafu uliobaki. La mwisho huwa na kina kifupi. Humo jua huua vimelea na mayai ya minyoo hutuama chini. Kazi yote hiyo inahitaji muda, na muda huo unaweza kuukokotoa mwenyewe: gawanya ujazo wa bwawa kwa majitaka yanayoingia kila siku. Chukua mfano wa bwawa la mita za ujazo 6,000 linalopokea mita za ujazo 300 kwa siku. Majitaka hukaa humo siku 20. Watu wakiongezeka na majitaka yakafika mita za ujazo 600, yatakaa siku 10 tu. Jua ni lile lile na bwawa ni lile lile, ila maji yanatoka yakiwa bado na vimelea. Tope likiachwa bila kuzolewa, nafasi hupungua na siku hupungua zaidi.

Dawa ya hali hiyo ni kuchimba mabwawa mengine. Lakini utayachimba wapi? Nenda Vingunguti, Dar es Salaam, uone mabwawa yaliyozungukwa na makazi ya watu. Huko kila upanuzi unamaanisha kubomoa nyumba ya mtu. Ifakara haijafika huko, nami sitaki ifike.

Utaniuliza: mabwawa ya nini, wakati nyumba nyingi za Ifakara zina vyoo vya shimo na makaro? Ni kwa sababu hiyo hasa. Shimo likijaa, gari la kunyonya majitaka linahitaji mahali halali pa kumwaga. Pasipo na mahali hapo karibu, gharama hupanda, na mwenye choo husubiri mvua. Katika miji yetu mingi tabia hii ina jina lake, kutapisha choo: tundu linafunguliwa ili mafuriko yaondoke na kinyesi. Katika bonde tambarare kama la Kilombero, ambako Mto Lumemo ukifurika huingia mitaani, kinyesi hicho hakiendi mbali. Kinaingia kisimani kwa jirani. Mwaka 1997 kipindupindu kilipoikumba Ifakara, uchunguzi ulionyesha kwamba kuoga mtoni kulimwongezea mtu hatari ya kuugua.

Wapo wanaosema tushughulikie maji safi kwanza. Nakubali kwamba maji safi ni ya lazima, lakini maji hayo hayabaki kwenye ndoo. Mradi wa maji wa Kiburubutu ulibuniwa kwa ajili ya Ifakara, na kila lita inayofika bombani itatoka tena ikiwa ya kuoshea, kufulia au ya chooni. Kuongeza maji safi bila kuandaa pa kupeleka majitaka ni kuyajaza makaro upesi zaidi.

Kuhusu mahali, nisingeyaweka mabwawa karibu na mto hata kama ardhi yake ni rahisi. Mafuriko yakivuka kingo, uchafu wote uliokusanywa utarudi mtoni kwa siku moja. Afadhali upande wa Udzungwa, nchi inapoanza kuinuka. Bomba la majitaka halipandi mlima bila pampu na umeme, lakini gari linapanda, kwa hiyo tuanze na magari.

Harufu? Ipo, hasa kwenye bwawa la kwanza, na ndiyo maana eneo litengwe likiwa bado mashamba, tena libakizwe ukanda wa miti kati yake na makazi. Huko Mabogini, karibu na Moshi, wakulima humwagilia mpunga kwa maji yanayotoka kwenye mabwawa ya mji. Wakulima wa Kilombero nao wanaweza kufaidi, mradi maji yamekaa siku zake zote. Na wale watakaotoa mashamba yao walipwe fidia kabla greda halijaingia.