Kifuatiliaji kikae nje ya seva

Asante mwandishi kwa kulinganisha bei na grafu za huduma za kufuatilia seva, ila swali ambalo mimi ningelitanguliza ni hili: kifuatiliaji chenyewe kinakaa wapi? Uptime Kuma ni programu nzuri ya kazi hiyo, ya bure, na naipenda. Lakini wengi huisimika kwenye seva ileile inayolindwa. Seva ikizima, mlinzi naye kazima, na hakuna ujumbe utakaomfikia mtu. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook ilipotoweka kwa takriban saa sita, hata zana za ndani za wahandisi wake zilikwama kwa sababu zilitegemea mtandao uleule.

Kwetu Afrika Mashariki kuna jingine. Nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika Mei 2024, seva iliyopo Dar es Salaam ingeweza kuonekana imekufa ukiipima kutoka Frankfurt, ilhali wateja wa hapahapa wanaifikia bila shida. Chagueni huduma inayopima kutoka nchi zaidi ya moja, kisha muwe na kipimo kingine cha nyumbani.

Na tafadhali, msiridhike na jibu la HTTP 200, lile la “sawa”. Ukurasa unaweza kulirudisha huku hifadhidata imeanguka na mteja anaona weupe mtupu. Kiagizeni kifuatiliaji kitafute neno maalumu ndani ya ukurasa, na kionye mapema cheti cha TLS kinapokaribia kuisha muda. Tahadhari za usiku zije kwa SMS. Barua pepe ya saa nane usiku nani ataisoma, hasa kama seva iliyoanguka ndiyo ya barua pepe?