Yai la Bata Lisiharakishwe
Wapo wafugaji wanaochanganya mayai ya kuku na ya bata kwenye mashine moja, kisha vifaranga vya kuku vikishatoka siku ya 21, ya bata hutupwa yakidhaniwa viza. Inauma, maana ndani mna kiumbe hai: bata wa kawaida huhitaji siku 28, na yule mwenye uso mwekundu, aliyejaa vijijini kwetu, takriban 35. Anayetaka vianguliwe pamoja, ayatangulize ya siku 28 kwa wiki nzima. Tena mayai yasioshwe ovyo. Maji huondoa utando unaozuia vijidudu kupenya vitundu vya ganda. Siku ya 7 yamulikwe kwa tochi gizani: lenye mbegu huonyesha mishipa myekundu iliyotawanyika kama mizizi, lisilo nayo hupitisha mwanga tu, nalo liondolewe mapema kabla halijaoza.