Barua ya Liwali

Yakitajwa mateso ya Wakristo wa kwanza, wengi wetu huwaza simba na viwanja vya michezo vya Roma. Hayo yalikuwapo. Lakini twaona kwamba wenye dhamana ya kutawala watu wangefaidika zaidi kwa kuisoma barua moja fupi, iliyoandikwa yapata mwaka 112 na Plinius, liwali wa Bithinia na Ponto kwenye Bahari Nyeusi, akiomba shauri kwa Kaisari Trajanus.

Plinius hakuwa mtu katili. Alikuwa mwanasheria na mwandishi hodari. Aliletewa watu walioshtakiwa kuwa ni Wakristo. Akawauliza mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, huku akiwatishia adhabu. Walioshikilia imani yao aliamuru wauawe, isipokuwa raia wa Roma, ambao aliwaandikia wapelekwe Roma. Na baada ya kuua ndipo anauliza: je, kosa ni jina lenyewe la Ukristo, au ni maovu yaambatanayo nalo? Maovu yenyewe hakuyaona. Aliambiwa tu kwamba watu hao hukutana siku maalumu kabla ya mapambazuko, humwimbia Kristo, na huapa wasiibe, wasizini, wala wasivunje amana. Alijiridhisha kwamba, vyovyote viwavyo walivyokiri, ukaidi wao peke yake ulistahili adhabu.

Ulikuwapo pia waraka usio na sahihi, wenye majina ya watu wengi. Hapo Kaisari alijibu vema: barua za namna hiyo zisipokewe katika shitaka lolote, maana hazilingani na zama zao. (Wako wakubwa wa leo wasiofikia kiwango hicho.) Lakini akaongeza kuwa Wakristo wasisakwe, ila wakishtakiwa na kuthibitika, waadhibiwe, isipokuwa atakayeiabudu miungu ya Roma. Mwaka 197 Tertullianus wa Carthage aliuliza swali ambalo hadi leo halina jibu: mtu asiyesakwa kwa kuwa hana hatia, aadhibiwe kwa hatia gani?

Ili kuupata ukweli, liwali aliwatesa wajakazi wawili waliokuwa mashemasi. Cheo chao amekiandika katika barua. Majina yao hakuyaandika.