Tunamlilia Phiona, Tunamfungia Binti Yetu

Leo hatumung'unyi maneno.

Filamu ya Queen of Katwe (2016), iliyoongozwa na Mira Nair, wengi tumeitazama na wengi tumelia. Inamhusu Phiona Mutesi, binti wa mtaa wa Katwe, Kampala, aliyekuwa akiuza mahindi mpaka sataranji ikamfikisha kwenye mashindano ya dunia nchini Urusi, 2010. Lupita Nyong'o ni mama yake, Nakku Harriet, mjane anayeogopa kwamba mchezo utampa binti ndoto zisizotimia. Filamu haimcheki kwa hofu ile. Wala hakuna mzungu anayekuja kuwaokoa: mwalimu ni Robert Katende, Mganda mwenzao. Ndiyo maana tunaipenda.

Tatizo letu linaanza filamu ikiisha.

Sisi wa visiwani tulioolewa huku Kawe tunapita jioni kwenye viwanja vya Tanganyika Packers. Wavulana wanacheza mpira mpaka jua linazama, na hakuna anayewauliza wataoa lini. Akitokea binti na mpira, maneno yanaanza: kifua chake, mwendo wake, nani atamposa. Na hayasemwi vibarazani tu. Agosti 2021, Ikulu, Rais Samia, Mzanzibari mwenzetu na mama, aliwazungumzia wanasoka wa kike kwa kutaja vifua vyao na mashaka ya kuolewa kwao. Tunamheshimu, lakini pale alikosea.

Mwaka uliofuata Serengeti Girls walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 kule India, na Simba Queens wakashika nafasi ya nne kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika. 2023 JKT Queens, wa hapo Mbweni, mbele kidogo ya Kawe, wakatwaa ubingwa wa klabu wa CECAFA. Hakuna refa aliyeuliza nani kaolewa.

Mtatuambia: sataranji huchezwa umekaa, gauni refu na mtandio wako, mpira ni kaptula. Sawa. Stara ni yetu na hatuiuzi. Lakini stara ni sharti la kucheza, si marufuku ya kucheza. Tangu 2014 sheria za soka zinaruhusu hijabu, na Nouhaila Benzina wa Morocco aliivaa kwenye Kombe la Dunia 2023. Na Bibi Aisha (r.a.) alishindana mbio na Mtume (s.a.w.), akamshinda mara ya kwanza. Nani kati yetu ana stara kumzidi?

Basi kama ni stara tunayoitaka, tuitafute kwa vitendo. Tuwashonee jezi za mikono mirefu. Tuwatafutie kocha mwanamke. Tudai siku za mabinti uwanjani, nasi twende tukae pembeni tuwatazame. Mama asiyefanya hata moja kati ya haya, akabaki kusema "si adabu", haitetei dini. Anawaogopa majirani.

Harriet wa kwenye filamu alikuwa na sababu ya kuogopa: hakuwa na kitu. Sisi sababu yetu ni ipi?